Gamba la Mwisho la Bi Kilindo

Hapo zamani, na msiniulize zamani ipi maana hata aliyenisimulia hakuijua, kulikuwa na kisiwa kisicho na mti hata mmoja. Wenyeji wake waliitwa Wadundu. Kwa maneno na kwa machozi walikuwa watu kama sisi, ila walikuwa na mikono minne, papasi mbili ndefu usoni za kunusia, na gamba gumu mgongoni. Vyombo vya baharini hawakuchonga, wangechonga nini? Mdundu hujivua gamba mara tatu katika umri wake, na lile la tatu, la uzeeni, ndilo huwa chombo cha watoto na wajukuu wake. Kwa hiyo kule, mtu akivuka bahari, huvuka ndani ya mgongo wa mama yake.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo msiba ulipo. Mdundu akishajivua, kwa siku saba huwa laini kama ndizi iliyomenywa. Macho hayaoni. Asihamishwe, asishtuliwe, asiguswe na maji ya chumvi. Siku ya nane gamba jipya hukauka, naye huinuka.

Palikuwa na mjane, Bi Kilindo, aliyekuwa na watoto watatu. Nyamvua alikuwa kifungua mimba, mwenye yai lake la kwanza ambalo bado halijaanguliwa. Wa pili alikuwa Shekue, mwanamume mpole mno. Mbeyu alikuwa kitinda mimba, mwenye mbio kuliko wote. Kwangu mimi msimulizi, Nyamvua ndiye niliyemhurumia zaidi, basi nitakaa karibu naye. Nyinyi mhurumieni mnayemtaka.

Bi Kilindo alipoanza kuwashwa mgongo, Nyamvua alimsihi.

"Mama, ngoja mwezi huu upite. Bahari inakupwa mno. Siafu watavuka."

Siafu walikuwa watu wa kisiwa cha mashariki. Hawakuwa na chombo wala hawakujua kuogelea. Maji yakipwa, walishikana viuno, mmoja kwa mmoja, wakawa daraja, na wenzao wakapita juu yao. Mdundu mwenye gamba hawakumweza. Aliye laini walimla, wasibakize hata papasi.

"Nimesikia, mwanangu," akasema Bi Kilindo.

Kusikia alisikia. Asubuhi ya pili Nyamvua alimkuta amelala kwenye mkeka, laini, kipofu, na gamba kuukuu limesimama kando yake. Karibu na mkono wake palikuwa na kifuu cha kuokotwa pwani, chenye masalio ya dawa ya majani machungu, yale yanayolazimisha gamba kuachia kabla ya wakati.

"Mama! Umefanya nini?"

"Nikingoja, mjukuu wangu ataanguliwa hana chombo. Kitupe hicho kifuu, na usimwambie mtu."

Nyamvua alikificha chini ya jiwe. Hakukitupa, na mwenyewe hakujua kwa nini.

Basi watoto waligawana kazi. Shekue aliazima gamba la jirani, akavuka kwenda kisiwa cha Nyuki kutafuta nta ya kumpaka mama. Mbeyu alikwenda mwambani kuwachungulia Siafu. Nyamvua alibaki nyumbani, akasimama kati ya mama yake na jua, mikono yote minne akiwa ameitandaza.

Nyuki walimpokea Shekue vizuri. "Nta ya nini, mgeni wetu?"

Na Shekue, kwa adabu zake, akajibu, "Ya mama. Amejivua gamba."

Angenyamaza! Nyuki hawasemi habari kwa kinywa peke yake, huicheza. Kabla Shekue hajafika pwani, vijana wao walikuwa juu ya majabali wakiicheza habari ya Bi Kilindo, wakizunguka na kutikisa viuno, na Siafu ng'ambo ya pili wakiisoma yote.

Shekue alirudi na nta, mama akapakwa. Siku ya tano, adhuhuri, Mbeyu akiwa mwambani aliona daraja la Siafu likija, jeusi, refu, likikaribia kisiwa. Ada inakataza kelele yoyote pale mtu anapokuwa laini. Mlinzi hukimbia nyumbani akanong'ona. Mbeyu alilitazama daraja, akautazama umbali wa nyumbani, akaona hatawahi. Akaishika ngoma ya hatari iliyowekwa pale mwambani, akaipiga.

Kisiwa kizima kilisikia. Bi Kilindo naye alisikia. Alishtuka, na mgongo wake laini ukapasuka ufa kuanzia shingoni mpaka kiunoni.

Majirani walikuwa upande wa pili wakivuna mwani. Nyamvua alikuwa peke yake na mama anayevuja ute, na ngoma ikilia. Angefanya nini? Alimnyanyua mama, akamlaza ndani ya gamba kuukuu, akalisukuma majini mahali ambapo daraja la Siafu halifiki. Mawimbi yakarusha maji ndani.

"Nani kanishika?" akauliza Bi Kilindo.

"Ni mimi, mama. Nyamvua."

"Basi siogopi."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho. Chumvi iliingia kwenye ule ufa, na jua lilipoanza kuinama alikuwa amekufa mikononi mwa mwanawe.

Na Siafu je? Hawakufika. Maji yalijaa mapema siku ile, daraja likakatika katikati, wakarudi kwao. Laiti Nyamvua angengoja kidogo tu nyumbani. Wasemao majuto ni mjukuu hawakumaliza. Mengine huja kabla hata mjukuu hajaanguliwa.

Sasa, Wadundu wana ada yao. Aliyekufa kwa kosa la mtu hazikwi peke yake. Mwenye kosa huingia naye ndani ya gamba, husukumwa pamoja mpaka kilindini, na harudi. Maiti asipopata wa kwenda naye, mayai yote ya kisiwa huviza. Na aliyejiua mwenyewe, hata kwa kulazimisha gamba kuachia, hutupwa topeni, na jina lake halitamkwi tena, hata na watoto wake.

Asubuhi watu walikusanyika pwani. Bi Kilindo alikuwa amelazwa ndani ya gamba lake la mwisho, lile alilomvulia mjukuu. Mwanamke mtunza maji, anayesimamia mazishi, akasema, "Maji yakiligusa gamba, mmoja wenu aingie. Semeni."

"Kikulacho ki nguoni mwako," mtu akanong'ona nyuma. Watoto wote watatu wakasikia.

Shekue akasema, "Mimi nilileta nta. Niliulizwa, nikajibu. Sikuwaita Siafu, wala sikumgusa mama. Kosa langu liko wapi?"

Mbeyu akasema, "Mimi niliona hatari nikaitangaza. Ningekaa kimya angeliwa, mngeniita mzembe. Na ufa ungezibika, nta ilikuwapo! Kosa langu liko wapi?"

Wakamgeukia dada yao. Hawakumshtaki, wangemshtaki wangekuwa wamemsaidia, maana angepata la kujibu. Walimtazama tu.

Nyamvua alikuwa amelikumbatia yai lake kwa mikono miwili. Mkono wa tatu ulikuwa umeshika ukingo wa gamba. Wa nne ulikuwa ndani ya nguo, na ndani ya nguo kulikuwa na kifuu.

Akikitoa, hakuna mtoto atakayekufa, na yai litakuwa na mama. Lakini Bi Kilindo atatupwa topeni kwa kosa la kumpenda mjukuu, na Nyamvua hataweza tena kulitamka jina la yule aliyemwambia "basi siogopi". Asipokitoa, mmoja wao lazima aingie. Alihisi ndani ya yai kitu kikigonga, taratibu, kikitaka kutoka.

"Dada," akasema Shekue, "sema neno."

Maji yakaligusa gamba.

Mimi hapa nanyamaza, maana miaka yote nimelala nalo hili na sijapata jibu. Nyinyi mnaojua kuhukumu msiwe na haraka. Fikirini kwanza kama mama angekuwa wenu. Shekue aliyejibu kwa adabu, Mbeyu aliyepiga ngoma, Nyamvua aliyebeba, au Bi Kilindo aliyekunywa: je, nani alistahili kubeba kosa lile? Na kile kifuu, ungekitoa?