Karamu ya Watu Mia Mbili na Kumi na Moja

Palikuwa na sultani mmoja, Sultani Badru, mwenye jumba la vyumba hata mwenyewe hajavimaliza kuviingia. Na bado, jamani, jicho lake likatua kwenye kibanda cha Bi Mashavu, mpishi wa pilau aliyeishi nyuma ya zizi la farasi. Alikitaka. Kumnyang'anya waziwazi aliona haya, maana mji mzima ulikula kwa mkono wa yule mama.

Akamwita. "Bi Mashavu, Ijumaa utanipikia karamu. Watu wakae kwenye masinia, kila sinia idadi sawa. Asile mtu peke yake, wala wasirundikane wote sinia moja. Hesabu ikiharibika, aliyeiharibu nambomolea nyumba yake. Nimeapa."

"Wageni wangapi, Bwana?"

"Mia mbili na kumi." Waziri wake akamnong'oneza sikioni, Sultani akaongeza: "Na mimi nimo! Jumla mia mbili na kumi na moja."

Masikini Bi Mashavu! Akaenda kujaribu kwa punje za maharage. Mbili mbili, ikabaki moja. Tatu tatu, moja. Tano, moja. Saba, moja ile ile, inamkodolea macho. Akajaribu kumi na moja, zikabaki mbili. Kumi na tatu, zikabaki tatu. Kibanda kile ndimo alimozaliwa, na wanawe kawazalia humo humo. Akalia, akapenga kamasi, akarudi kuchambua mchele.

Ijumaa ua ukajaa. Pilau linanukia, watu wamesimama, matumbo yanaimba.

"Mbona hujawakalisha?" akauliza Sultani, meno yote nje.

"Wamekataa kugawanyika, Bwana."

"Waziri, mweleze."

Waziri akatanua kifua. "Mia mbili na kumi na moja ni namba tasa, mama. Haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Ungepanga mpaka kiama."

"Kumbe mlijua?"

"Tulijua sana," akasema Sultani. "Haya, na kiapo ni kiapo. Aliyeharibu hesabu, nyumba yake chini!"

Watu wakaguna. Bi Mashavu hakuguna.

"Sawa, Bwana. Ila nisaidie, Mheshimiwa Waziri. Na mia mbili na kumi nayo ni tasa?"

"Aa, wapi! Hiyo laini kabisa. Wawili wawili, watatu, watano, sita, saba, hata kumi kumi. Habaki mtu."

"Yaani hawa wageni wote, kama walivyo, hawana neno?"

"Hawana neno."

"Ikaharibika alipoongezeka nani?"

Waziri akamtupia Sultani jicho. Akaanza kuchunguza viatu vyake.

Bi Mashavu akakaza kanga kiunoni, akamgeukia Sultani kwa adabu zote.

"Bwana wangu, shoka ninalo. Jumba lako tulibomoe kuanzia upande gani?"