Mwenye Banda Hatagi

"Mwenye banda hatagi." Mmeisikia chuoni mkacheka, sasa mnaniuliza imetoka wapi. Haya, kaeni. Na wewe Ombeni, weka hiyo simu. Methali hii ina mahali ilipozaliwa, nami bibi yenu nilikuwepo.

Pale chuo cha kilimo, juu ya kijiji chetu, alikuwapo mwalimu mmoja, Dakta Nakunda. Dada yule hakuwa mtu wa kutulia! Alihangaika miaka mingi kutafuta chanjo ya kideri, ule ugonjwa unaofagia kuku banda zima, isiyohitaji friji, akaipata. Kila Jumamosi alishuka nayo kijijini, akawadondoshea kuku wetu machoni, huku akitueleza kila kitu bila kuficha.

Ikaja kampuni kutaka kuinunua. Hapo mkuu wa chuo, Profesa Kalugendo, akamwita. "Maabara yetu, mayai yetu, mshahara wetu. Kwa hiyo chanjo ni yetu. Kuanzia leo usiizungumzie popote, hata darasani." Tusimwonee, maabara ilikuwa ya chuo kweli. Lakini Nakunda akasema kunyamaza hawezi, na hapo hapo akanyang'anywa funguo za maabara na za banda la kuku la chuo.

Kiangazi kikaingia, na kideri nacho, na chanjo ya mwisho aliyotudondoshea ilikuwa imeshaisha nguvu. Tukakaa roho juu. Kila asubuhi nilikimbilia bandani kabla hata ya kunawa uso, maana kuku wale ndio waliokuwa wampeleke mama yenu sekondari. Nilipomfukia tetea wa kwanza nililia kama nimefiwa. Chuoni nao wakatoa chupa zao, wakawachanja kuku wao, na bado wakafa. Kumbe mbegu ya chanjo ni kitu hai, hulelewa ndani ya mayai, na aliyejua kuilea walikuwa wamemfungia nje.

Tukajaa uani kwa Nakunda kuuliza la kufanya. Mara Profesa huyo, jasho linamtiririka.

"Dakta, rudi kazini. Okoa mali ya chuo."

"Nitarudi. Ila ninachokijua nitakifundisha kwa yeyote anayetaka."

"Haiwezekani! Banda lile ni letu, na vyote vilivyomo!"

Jamani, uvumilivu ukanishinda. Nikasimama. "Shikamoo, Profesa. Banda ni lako, nani anabisha? Haya, ingia utage."

Watu walivunjika mbavu. Profesa hakucheka. Alimtazama tetea wangu wa mwisho niliyempakata, shingo imempinda, akatazama chini. Kisha akatoa funguo mfukoni, akamkabidhi Nakunda mbele yetu.

Kesho yake wanafunzi walikuwa na msemo mpya. Mimi sikuwa na kuku. Chanjo ilipopatikana tena, banda langu lilikuwa tupu, na mama yenu alikaa nyumbani mwaka mzima akiwatazama wenzake wakienda shule. Hilo linaniuma hadi leo.

Chupa zile zina jina la chuo, na Nakunda hakuwahi kulidai. Alichodai ni mdomo wake tu. Na wewe Ombeni, unayesomea ukubwa, siku watakapokukabidhi funguo ukaanza kuwafunga watu midomo, nitapanda huo mlima na mkongojo wangu nikukumbushe mbele ya wageni wako: mwenye banda hatagi.