Damu Haisahau

Hapo zamani, na mwaka msiniulize, kwetu mlimani mkamwana hakupewa maziwa ya kuchemsha. Ya kuchemsha yalikuwa ya mgeni usiyemwamini. Mkamwana alipewa yenye joto la kiwele. Ndivyo bibi yangu Nakijwa alivyompenda mama yangu Namsifu: kikombe asubuhi, kikombe jioni. Ah, siku zile! Hadi leo nikisikia harufu ya zizi, moyo hunilegea.

Mama alikuwa na mimba yangu alipoanza kuugua. Jioni homa, usiku jasho. Akapewa dawa ya malaria, homa ikarudi. Akapewa tena, ikarudi tena. Wakaanza kuhofia na mimba.

Zahanati alikuwapo nesi Navoneiwa. Damu ya kwanza aliyompima mama aliihifadhi kichupani, ndani ya friji ya mafuta ya taa. Mganga wa zahanati akamfokea, "Itupe! Friji ni ya chanjo." Hakuitupa.

Wiki ya tatu akaja mpimaji mpya wa damu, Elinami. Akachukua damu nyingine, akaitilia tone la dawa, ikafanya vichembe kama maziwa yaliyokatika.

"Hii ni homa ya ng'ombe, huja na maziwa mabichi," akasema. "Mwili ukipigana na ugonjwa hutengeneza kingamwili. Za homa hii nimeziona."

Mganga akatikisa kichwa. "Kingamwili hubaki hata ugonjwa ukiisha. Damu haisahau. Kama aliugua utotoni je?"

Ndipo Navoneiwa akatoa kichupa chake. Wakapima damu ya zamani: kingamwili chache. Ya leo: tele. Kumbe vita bado vinapiganwa! Mama akaanzishiwa dawa yake halisi.

Bibi aliposikia, akasimama mbele ya ukoo mzima. "Ng'ombe wangu ametupa mimba mara mbili. Nilinyamaza kwa aibu." Akabandika sufuria, akachemsha maziwa hadharani. Walimcheka, naye akaendelea kukoroga.

Nikazaliwa mzima. Na kwetu mtoto aliyeokolewa hupewa jina la mwokozi wake, moja tu.

Elinami akasema, "Bila mimi, kichupa kingebaki kichupa."

Navoneiwa akasema, "Bila kichupa, nani angekusadiki?"

Bibi akasema, "Bila mimi, angemeza dawa na kunywa ugonjwa uleule."

Mama akamtazama. "Na bila wewe, mama, nisingeugua." Bibi akainamisha kichwa, lakini dai lake hakulifuta.

Karani wa ubatizo alichoka kusubiri, akaandika yote matatu. Kila mmoja aliniita kwa jina lake hadi alipozikwa. Nawakumbuka, jamani. Siku hizi naitwa bibi tu.

Sasa juzi nimepata mjukuu, na wanangu wamesema, "Mpe jina lako." Moja tu, kama desturi. Kesho anabatizwa, nami bado nimeduwaa. Haya, ninyi mnaonisikiliza: aliyeisoma damu, aliyeitunza, au aliyeitia ugonjwa kisha akaungama? Je, nani alistahili?