Bi Kindi na Mlango wa Miiba

Mwaka huo mvua zilituma salamu tu, zenyewe hazikuja. Nyasi zilikauka, mto ukabaki mchanga mtupu, na kila mnyama akawa analala na akiba yake chini ya kichwa. Kilikuwa kiangazi cha kumfanya hata Fisi akumbuke kusali, ingawa yeye aliomba nyama na hakuomba kingine.

Katika nchi hiyo palikuwa na kichuguu kikubwa ambacho mchwa walikihama zamani. Muhanga alikichimba vyumba kutoka juu hadi chini, kisha Simba akaja, akakuta kazi imekwisha, akatangaza kuwa kichuguu ni chake. Hakuna aliyebishana naye. Wapangaji wakaingia. Chini kabisa alikaa Mzee Kobe, ambaye hakuhitaji chumba ila alipenda kuwa na majirani wa kuwacheka. Katikati alikaa Nungunungu. Juu, ukuta kwa ukuta, walikaa Bi Kindi na Bi Kanga.

Bi Kindi alikuwa mjane mwenye watoto wadogo na hofu kubwa. Tangu majani yakiwa mabichi alikuwa akiokota njugu, mbegu za mgunga na viazi mwitu, akavikausha na kuvijaza chumbani mpaka yeye na wanawe wakawa wanalala wamebanana ukutani. Akiba hiyo ndiyo ingewavusha hadi mvua. Ikipotea, watoto wasingeiona hiyo mvua, na mama yao alilijua hilo kila alipofumba macho.

Jirani yake, Bi Kanga, alikuwa akiatamia mayai, na mwenye kuatamia hana kazi nyingine ila kutazama. Kati ya vyumba vyao palikuwa na tundu ukutani. Kupitia hapo Bi Kanga aliuliza mchana kutwa. "Jirani, unatoka? Unakwenda wapi? Utarudi saa ngapi? Jana ulipika nini, mbona kilinukia hivyo?" Bi Kindi alijibu kwa kuguna, akamwachia watoto, akaenda mtoni kuchimba maji mchangani pamoja na wenzake.

Basi siku moja mihogo ya Nungunungu ikatoweka. Nungunungu akasimama njiani, miiba imemsimama, akawaambia majirani, "Mimi mwenye miiba nimeibiwa. Sijui nyinyi wenye manyoya matupu." Siku hiyo hakuna aliyekula kwa raha.

Kesho yake akatokea Sungura, kamba begani na shoka mkononi, akajitambulisha kuwa ni fundi wa milango. Alikuwa amekwisha kupita kwa Simba. "Bwana mkubwa," alimwambia, "wakiibiwa nyumbani kwako, watu watasema jina lako halitishi tena." Simba alitikisa manyoya ya shingo, akasema, "Basi litishe," na Sungura akahesabu kuwa kazi amepewa.

Akaanza kwa Bi Kindi.

"Hodi, mama."

"Karibu, mwanangu. Sijui utakaa wapi, kumejaa."

"Naona, na hicho ndicho kinachonitisha. Hapa kwenye kona ni nini?"

"Njugu."

"Na kule nyuma?"

"Viazi vikavu. Chini yake mbegu."

"Na mtoni unakwenda saa ngapi?"

"Jua likichomoza. Adhuhuri nimesharudi."

Sungura akainamisha masikio kwa masikitiko. "Mama, maneno haya usimwambie mtu yeyote."

Bi Kindi akaahidi kutomwambia mtu yeyote.

Malipo Sungura alikataa, na jambo hilo lilimpendeza mama mjane kuliko yote. Akaziba kwa udongo matundu yote ya chumba, akayashindilia kwa mikono yake mwenyewe, akaacha mlango mmoja tu. Hapo akapachika mlango wa matawi ya mgunga, miiba yake inachoma mbele na nyuma, na komeo la mti kwa nje, kwa kuwa mwenye nyumba hushinda mtoni na vitu hubaki ndani. Likabaki lile tundu la ukutani.

"Na hili?"

"La Bi Kanga hilo. Tunaongelea hapo."

"Mama, mwizi haingii nyumba asiyoijua," Sungura akasema polepole. "Nani anajua safari zako? Nani anajua umepika nini? Sitaji jina, mimi si mmbeya."

Papo hapo sauti ikapita tunduni. "Jirani, una mgeni? Ni nani huyo? Amekuja na nini?"

"Umesikia mwenyewe," Sungura akanong'ona.

Bi Kindi akachota udongo, akaliziba tundu kwa mkono wake. Upande wa pili maneno yalikatika katikati ya swali.

Sungura akazunguka vyumba vyote na wimbo huo huo, ila kila mlango alitia jina la jirani mwingine. Kobe peke yake hakumfuata: alimsikiliza tu, akaingia ndani ya gamba lake, akafunga. Waliobaki walifuata mafundisho: usisimame njiani, usimuulize mtu amebeba nini, funga mlango wako na macho yako. Kichuguu kikanyamaza. Majirani wakawa wanapishana ngazini wakitazama miguu yao. Bi Kindi alijiona salama, na ile hali ya kukosa hata mtu wa kumgunia akaiita utulivu, ingawa haikumkaa vizuri moyoni. Watoto sasa alikwenda nao mtoni, amewafunga mgongoni, na walikuwa wazito.

Siku moja kisima cha mchangani kilitoa maji mapema. Bi Kindi akawatangulia wenzake kurudi, watoto mgongoni, kibuyu mkononi. Njiani akakutana na Fisi, anatoka kule kichuguuni na magunia mawili, anahema na kutafuna kwa pamoja.

Nchi ile ilikuwa na desturi moja ambayo hata Sungura hakupata kuifuta. Mwenye mzigo hapitwi hivi hivi, awe rafiki au adui.

"Pole na mzigo, Bwana Fisi."

"Nimeshapoa, mama."

"Lete moja nikupokee."

Fisi, ambaye tangu azaliwe hajakataa cha kupewa, akamtwisha gunia dogo.

"Kwani nani anahama?" Bi Kindi akauliza, maana alikuwa amesahau kuwa kuuliza ni dhambi.

"Mama mmoja wa juu kabisa. Ana watoto. Ameogopa wezi, anahamia kwa ndugu zake."

"Masikini. Mimi nimeweka mlango wa miiba."

"Hata yeye anao," Fisi akasema, akameza. "Mlango mzuri sana. Hauzuii kitu."

Wakaenda kwa muda. Harufu ya njugu ikamjia Bi Kindi kutoka kichwani pake. "Huyu mama ana njugu nzuri," akasema. "Kama zangu."

"Ni nzuri kweli. Nimezionja."

Hapo Bi Kindi akaanza kuwaza. Juu kabisa kulikuwa na wapangaji wawili tu, yeye na Bi Kanga. Basi anayehama ni Bi Kanga. Mayai yametotolewa na yeye hana habari, na sasa jirani yake anaondoka na vifaranga bila hata kuaga, kwa sababu ya udongo aliousiliba yeye mwenyewe. Aibu ikamshika mpaka masikio yakapata moto. Hakumtaka Bi Kanga ahame. Ndiyo kwanza alilijua hilo.

Kichakani wakamkuta Mzee Kobe, aliyeondoka kwenda mtoni alfajiri na ndipo alipokuwa amefika.

"Mzee, tulindie magunia haya," Fisi akasema.

"Yaacheni," Kobe akajibu. "Mimi sina haraka."

"Bwana Fisi, twende wote," akasema Bi Kindi. "Nitambebea mizigo iliyobaki, na nimwombe radhi kabla hajaondoka."

"Mkono wa ziada haukataliwi," Fisi akasema, na wakapanda pamoja hadi juu.

Bi Kindi akaelekea mlango wa Bi Kanga. Fisi akamshika bega. "Siyo huo, mama. Ni huu."

Mlango aliouonyesha ulikuwa wa miiba, na ulikuwa wazi. Ndani, kati ya sakafu tupu na lundo dogo lililobakia, kilionekana kimkia cheupe kikichezacheza.

"Fisi, shika gunia hili la mwisho," sauti ya Sungura ikatoka, "na uache kutafuna. Yule mama akirudi atatuchelewesha kwa maneno."

"Mama amesharudi," Bi Kindi akasema. "Na lile la kwanza amekubebea yeye."

Sungura akageuka. "Mama, umekuja wakati mzuri," akaanza. "Nilikuwa navihamishia mahali penye usalama zaidi."

Sauti yake ilikuwa tamu, na nusura Bi Kindi aamini tena. Ila gunia lilikuwa bado limemwacha na maumivu shingoni. Akauvuta mlango kwa nguvu zote, akaangusha komeo. Ndani hapakuwa na tundu jingine la kutokea. Sungura aliyaziba yote.

Fisi akakodoa macho. "Sasa gunia la mwisho nani atanipa?" Mara akakumbuka kuwa ameyaacha mengine na Kobe, na Kobe ana mdomo. Akashuka mbio kuyaokoa.

"Mwizi, jamani," Bi Kindi akaita. "Majirani, nisaidieni." Nungunungu alikuwemo chumbani kwake, akasikia, akakaza mlango kama alivyofundishwa. Ndani Sungura alikuwa akilisukuma komeo, na mti ulianza kulia. Ukivunjika, Sungura atatoka, na kule chini Fisi atakula vyote. Bi Kindi akaukimbilia mlango wa jirani.

"Hodi, Bi Kanga."

Akagonga tena.

"Hodi."

"Nani?"

"Mimi Kindi."

"Kindi yupi? Nilikuwa na jirani wa jina hilo, akajizika mwenyewe kwa udongo."

"Bi Kanga, mwizi yuko ndani kwangu."

"Siku hizi watu wanaanza na mwizi kabla ya salamu?"

Komeo likalia tena. Bi Kindi akaanza upya. "Hujambo, Bi Kanga?"

"Sijambo. Hujambo wewe?"

"Sijambo. Mayai yanaendeleaje?"

"Yametotolewa juzi."

"Hongera."

"Asante. Watoto wako hawajambo?"

"Hawajambo, lakini kesho hawatakuwa na cha kula." Hapo machozi yakamtoka Bi Kindi, na hakuyaficha. "Jirani, nimekukosea. Wewe ulinilelea wanangu, nami nikamsikiliza mpita njia nikakuzibia uso. Nisamehe."

Mlango ukafunguka. Bi Kanga akatoka na vifaranga nyuma yake, akapanda juu ya kilele cha kichuguu, akafungua kinywa. Ile sauti ambayo Bi Kindi aliilalamikia miaka yote ikafika mtoni bila kupungua. "Wezi, wezi, wezi. Sungura aliingia mlipogeuka tu kona. Fisi amepanda mara ya pili. Gunia moja la viazi, moja la njugu, na la njugu limetoboka."

"Kumbe ulikuwa unaona yote?" Bi Kindi akauliza.

"Nilikuwa naona. Nilikatazwa kuuliza."

Wapangaji wakatoka mtoni mbio, Simba nyuma yao kwa mwendo wa kifalme. Nungunungu naye akafungua mlango, akapanda na kujiegemeza kwenye komeo, akijifanya amekuwepo hapo siku zote. Walipofungua, Sungura alitoka mwenyewe bila kuburutwa. Kila aliposukuma ule mlango ulimchoma, na sasa miiba ilikuwa imemjaa puani, masikioni na mahali pa kukalia.

Fisi walimkuta kichakani akimzunguka Kobe, aliyekaa juu ya magunia na kuingiza kichwa ndani.

"Mzee, ondoka, mimi ndiye niliyekuachia," Fisi akabembeleza.

"Uliniambia nilinde," sauti ikatoka gambani. "Hukusema nilinde dhidi ya nani. Basi nalinda dhidi ya wote."

Simba akakohoa. "Nilijua tangu mwanzo," akasema. "Nilikuwa nawapima." Hakuna aliyemuuliza alikuwa anapima nini. Akahukumu kwamba Sungura azibue kwa kucha zake kila tundu aliloziba, ang'oe miiba yote kwa meno, na kila chumba atakachoingia apige hodi na kusalimia mpaka mwisho, hadi watoto na wajukuu. Fisi akapandisha magunia juu, mdomo umefungwa kwa kamba, na kwa njugu alizokwisha kula akachimba visima vya wenzake mpaka mvua iliponyesha.

Ilichelewa sana kunyesha, lakini iliwakuta watoto wa Bi Kindi wanene, wanagombana mlangoni na vifaranga.

Sungura alipomaliza adhabu yake, alisimama kizingitini, akajaribu mara ya mwisho. "Haya, mmebaki wazi. Sasa nani atawalinda?"

"Tumeshasalimiana," Bi Kindi akamjibu. "Nenda salama."

Naye akaenda, na hakuna kilichopotea tena katika kichuguu kile. Usiache mbachao kwa msala upitao.