Fundo la Kwanza la Kamba ya Kobe

“Paukwa!”

“Pakawa!”

“Mmeitika kama waliolala njaa. Paukwa tena!”

“Pakawa!”

“Palikuwa na kamba.”

“Ivute tuione!”

Nitaivuta polepole. Nimepalilia mihogo tangu asubuhi na mgongo wangu hautaki haraka. Atakayeniuliza “halafu?” kabla sijafika, atamalizia mwenyewe.

Basi, hapo kale wanyama walikuwa na tarishi mmoja, Mzee Kobe. Kazi yake ilikuwa kuita mafundi. Ukitaka mwashi, hukwenda mwenyewe. Ulimwambia Kobe, “Niitie mwashi.” Kobe alikuwa na kamba ya mafundo sita, kila fundo nyumba moja. Alishika fundo la kwanza, akaenda nyumba ya kwanza. Kwaru, kwaru, kwaru. Ko ko ko!

“Kuna mwashi hapa?”

“Hayupo.”

Akashika fundo la pili. Kwaru, kwaru, kwaru. Ko ko ko!

“Kuna mwashi hapa?”

“Yupo!”

Huyo akaletwa. Kobe hakutazama mbele zaidi. Na mafundo yote yakiisha bila jibu, alirudi akasema, “Hajulikani,” akaketi. Hata kama mwashi alikuwa jirani yako mnayeombana chumvi, nyumba yake isipokuwa na fundo, hajulikani.

Fundi akifika, alipewa uji kwanza, nao uliwekwa pale pale penye kazi. Uji wa mpishi jikoni, uji wa mwashi ukutani. Ndiyo ilikuwa ada yao.

Sasa Fisi, mwenye nguvu kuliko wote na tumbo kuliko nguvu, hakuwa na fundo. Hakujua kazi yoyote. Siku moja alimkuta Kobe njiani, anahema.

“Pole, Mzee wangu. Unazunguka sana.”

“Miguu imekwisha, mwanangu.”

“Basi funga fundo langu mwanzo wa kamba. Kwangu usiulize hata mlango. Jina lolote litakaloitwa, wewe sema yupo, ni Fisi. Safari zitakwisha.”

Kobe alijua si sawa. Lakini alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka hukubali mengi. Akafunga fundo.

Tangu hapo ukiita mwashi, Fisi. Ukiita mganga, Fisi. Anakuja, anakunywa uji, fuu! Anajifuta, anaondoka. Kuta zilianguka, wagonjwa wakazidi kuugua, na nani amwambie Fisi kitu?

Kisha Digidigi akashikwa na uchungu, akaita mkunga. Akaja Fisi, akafunga mlango. Alipotoka alisema mtoto hakuwahi kulia. Alikuwa akiramba mdomo. Digidigi hakusema neno. Alikaa kizingitini mwake mwaka mzima.

Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Paa. Asubuhi uchungu ulipoanza, Paa akamshika mkono jirani yake Sange, yule mdogo mwenye pua ndefu, mnayemwona akipita majanini, chakacha chakacha.

“Sange, nisaidie. Nikiita mkunga, mtoto wangu ataliwa. Nisipoita, nitakufa.”

Sange akaenda kwa Kobe.

“Babu, shikamoo. Usimwite mtu. Niambie tu, ningeita mkunga, ungeniletea nani?”

“Fisi. Fundo la kwanza.”

“Na mbele ya hapo, hakuna mkunga mwingine?”

Hakuna aliyewahi kumuuliza Kobe hivyo. Akapapasa kamba, fundo baada ya fundo, hadi mwisho.

“Yupo. Bi Komba, fundo la saba.”

“Na nikikuambia, nenda nyumba ya Bi Komba, bila kutaja mkunga?”

“Ukinitajia nyumba, kamba ya nini? Naenda moja kwa moja.”

“Mbona hukutuambia, Babu?”

“Hamkuuliza.”

Sange alitaka kulia kwa hasira, lakini hakukuwa na nafasi. Mlango wa Fisi ulitazamana na wa Paa, na Fisi alikuwa amekaa nje tangu alfajiri, ananusa. Nfu, nfu.

“Basi Babu, kwanza niitie mchimba kisima.”

“Yupo. Ni Fisi.”

Kulikuwa na shimo refu la kisima lililoachwa kavu, ngazi yake ikiwa bado ndani. Sange akateremsha bakuli la uji hadi chini, kama ada inavyotaka. Fisi akafika, akachungulia, akaona uji. Akashuka ngazi mbio, tapa tapa tapa. Fuu! Alipoinua kichwa, ngazi haikuwepo. Digidigi ndiye aliyeivuta. Alisimama ukingoni.

“Chimba,” alisema. Lilikuwa neno lake la kwanza kwa mwaka mzima.

Kobe akaenda nyumba ya Bi Komba, kwaru, kwaru, hakusimama popote. Kabla ya adhuhuri mtoto wa Paa alilia, na kijiji kizima kikasikia.

Fisi naye alisikia. Akanguruma, “Kobe! Niitie mleta ngazi!”

Kobe akaishika kamba yake.

“Yupo,” alisema. “Ni Fisi.”

“Mimi niko shimoni!”

“Basi lete ngazi, mwanangu.”

Aliita mara saba. Mara saba, ni Fisi. Mwishowe akachimba. Alichimba siku tatu, akalia, akachimba, hadi maji yakatoka bubububu yakamwelesha hadi juu. Akakimbia, hakurudi. Wanyama wakamwambia Kobe afungue lile fundo. Akasema, “Kesho.” Bado lipo.

Na kisima kile kinanywewa hadi leo. Mtoto wa Paa amekulia maji yake. Digidigi huenda kuchota pia, lakini hukawia pale ukingoni, na hakuna anayemharakisha.

Funzo lake basi. Ukiwa na kazi, mpe asiyeijua, mradi nyumba yake iwe ya kwanza. Mnaona kisima kilipatikana? Na mwenye kuuliza maswali ni mchokozi, hana adabu.

“Kamba imefika mwisho!”

“Ikunje!”

Ikunjeni nyinyi. Mimi nanyoosha mgongo.