Mama-Mbu wa Kinamasini

— Paukwa, mlioketi mbele!
— Pakawa!
— Paukwa, mnaonong'ona huko nyuma!
— Pakawa! Tupe, tusikie!

Hapo kale, kale isiyohesabika, palikuwa na kijiji kilichopakana na kinamasi. Kinamasi kiliwapa kambare. Kiliwapa matete ya kuezekea. Kiliwapa ndago za kusukia mikeka. Na kwa kadiri walivyoamini, kiliwapa homa.

Mwaka huo homa ilizidi. Mbu walilia ngwii, ngwii, asubuhi na jioni. Watu wakamtafuta mkosaji, wakampata: mdudu wa rangi ya tope, mpana wa kichwa, mwenye taya la kuchomoka, akaaye chini ya maji. Alikuwa na sura mbaya, na hiyo ikatosha kuwa ushahidi. Wakamwita Mama-Mbu.

Jumbe akaamuru, "Mwinjuma, mtwanga utupa ni wewe. Siku ya nane tutaumwaga kinamasini. Afe Mama-Mbu, mbu wakome."

Utupa ni mti unaolevya samaki. Ukitiwa kidogo, samaki huelea. Ukitiwa mwingi, maji yote hufa, na kila kilichomo. Mwinjuma aliyajua hayo. Lakini bintiye, Zaituni, alikuwa kitandani siku ya tano, meno yakigongana ka-ka-ka. Basi akashika mchi. Pu! Pu! Pu!

*Twanga utupa, twangeni,*
*mama afie majini!*

Akapita Bibi Siwema, msuka mikeka, mkongwe kuliko wote, miguu imepauka kwa tope.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Watwanga nini?"

"Kifo cha Mama-Mbu."

"Umepata kumshika?"

"Mimi? Nishike uchafu ule?"

"Hata kuku wako humshika kwanza ndipo umchinje. Weka mchi chini, mjukuu wangu. Siku saba zimebaki. Tuingie."

Wakaingia. Chubwi! Chubwi! Maji ya magoti, maji ya kiuno. Bibi hakufundisha neno.

"Tia mkono chini ya matete. Umegusa nini?"

"Tope."

"Tia tena."

"Tope... Bibi, tope lina miguu!"

Akapiga yowe. Bibi akacheka hata ushungi ukamwangukia majini.

Wakawatia Mama-Mbu wawili katika chungu cha maji, wakachomeka na utete ndani. "Sasa lete viluwiluwi wa mbu," akasema Bibi, "tumwone mama na wanawe."

Mwinjuma akateka hapa, akateka pale. Kutwa nzima kinamasini akapata wawili tu! Akashangaa. Akaenda zake, akarudi na kata imejaa viluwiluwi wanaojipindapinda. Nusu wakawatia katika chungu cha Mama-Mbu, nusu katika chungu cha pili chenye maji matupu. Vyungu vyote wakavifunika kwa kitambaa chepesi cha shashi, ukingoni mwa kinamasi.

Siku ya pili, viluwiluwi wa chungu cha kwanza wamepungua. Siku ya tatu Mwinjuma akaona kwa macho yake. Taya likachomoka, chwap! Kiluwiluwi wa mwisho hayupo.

"Bibi! Huyu mama anakula wanawe!"

"Ndivyo?"

"Mama gani huyo?"

"Mimi nitajuaje? Mwenye kutazama ni wewe."

Siku ya tano chungu cha pili kikalia ngwii. Mbu tele chini ya shashi! Penye mama, wana hawapo. Pasipo mama, wana wamezaliwa. Kichwa kikamzunguka Mwinjuma.

Siku ya sita ikamvuruga zaidi. Shashi ya chungu cha kwanza imelegea upande, na Mama-Mbu mmoja hayumo. Juu ya utete limebaki ganda lake, limepasuka mgongoni, ndani tupu.

"Bibi, umemtoa!"

"Nimtoe nimpeleke wapi? Nimpike mchuzi?"

Siku ya saba, kulipopambazuka, Mwinjuma alikuwa amekwisha kuketi penye chungu. Mama-Mbu aliyebaki akapanda utete. Akatulia tuli. Mgongo ukapasuka. Kikatoka kiumbe laini, mabawa yamekunjamana. Jua likayakausha, yakanyooka. Mwinjuma akafunua shashi. Frrr! Kereng'ende! Yule yule anasaye mbu hewani!

Mwinjuma akakaa kitako topeni. "Bibi, mimi nilikuwa najua. Sasa sijui kitu."

"Kaseme hivyo hivyo mbele ya Jumbe."

Siku ya nane watu wakaja na vikapu.

"Utupa uko wapi?" akauliza Jumbe.

"Sikumaliza kuutwanga."

"Jamani, mtwanga utupa ameposa kwa Mama-Mbu!" akasema mmoja. Vicheko vikalipuka kwa-kwa-kwa.

Mwinjuma akawaonyesha ganda. Akawasimulia siku moja baada ya siku. Jumbe akainamia chungu cha pili, mbu wakivuma chini ya shashi.

"Na hawa je? Viluwiluwi wao hukuwateka humu humu kinamasini?"

Mwinjuma akageuka kutazama upande wa nyumba yake. Swali hilo hakuwahi kujiuliza.

"Siyo," akasema taratibu. "Niliwateka nyuma ya jiko langu. Katika mtungi mbovu, karibu na ukuta anapolala Zaituni."

Mwanamke mmoja akatua kikapu, akashika njia ya kwake, mbiombio. Akafuata wa pili. Akafuata Jumbe. Punde kijiji kizima kikasikika kikimwaga maji yaliyotuama mitungini: mwaa! mwaa! mwaa!

Mbu wakapungua. Zaituni akainuka, akaomba uji. Kama ni kwa sababu ya mtungi au homa ilichoka yenyewe, Mwinjuma hakujua, wala hakuthubutu tena kusema anajua. Akaenda kwa Bibi Siwema.

"Bibi, kumbe ulijua tangu mwanzo?"

"Nilijua nini? Maisha yangu yote nakata ndago humo, kereng'ende wakinitua begani, nami nikimwita yule Mama-Mbu kama ninyi."

"Mbona basi ulinizuia?"

"Niliwatazama nyote mliotoa hukumu siku ile," akasema Bibi. "Sikuona hata mmoja mwenye miguu iliyolowa."

Basi nanyi, kabla hamjahukumu, loweni kwanza. Ngano yangu imekomea hapo. Anayeitilia shaka, kinamasi kingalipo.