Ekari ya Pili

Leo naomba niwapeleke kwa mpishi mmoja. Alikuwa mtu wa huku huku kwetu mlimani, ila miaka ishirini na tisa alipika kwenye shamba kubwa la mifugo kule tambarare. Siku mwenye shamba alipouza kila kitu akaondoka, alimwita akamwambia, "Yule farasi jike unayempa karoti dirishani pa jiko, mchukue. Ni wako."

Mnacheka. Farasi, kihambani! Anapita katikati ya migomba, watoto wanamfuata, akina mama wanatua ndoo chini wamtazame. Mpishi alitembea mbele yake kifua mbele, maana maishani mwake hakuwahi kuwa na kitu kizuri kiasi kile.

Akamweka wapi? Ninyi mngemweka wapi? Zizini, bila shaka, pale aliposimama ng'ombe wa maziwa. Huku kwetu ng'ombe hafuati majani. Majani ndiyo yanayomfuata ng'ombe. Ukitaka kujua mtu anampenda mnyama wake, unatazama mzigo anaorudi nao kichwani. Basi mpishi akaleta majani ya tembo, akakatakata mgomba, akaweka na pumba. Farasi akanyong'onyea. Miguu ikavimba, tumbo likajaa, akawa anashinda ameegemeza paji la uso ukutani. Na mpishi ni mpishi: mgeni akionekana mnyonge, anamwongezea sahani. Akaongeza pumba.

Hali ilipozidi akamwita daktari wa mifugo, mama mmoja mfupi asiyependa maneno mengi. Mama yule alisikiliza tumbo, kisha akakitazama kihori kilivyofurika.

"Baba, huyu unamuua kwa chakula."

"Nimpe nini basi, daktari?"

"Nafasi. Farasi si ng'ombe, ale alale acheue. Tumbo la farasi linaendeshwa na miguu yake. Akiendelea kusimama hapa, masika hayaoni."

"Nafasi kiasi gani?"

"Ekari mbili za majani. Moja ale, nyingine ipumzike. Ukimpa moja tu, mwezi haupiti utabaki na vumbi, na farasi mwenye njaa."

Mpishi akakaa juu ya ndoo. Kule chini alikuwa na ekari ya urithi wa baba yake. Moja. Ya pili ilikuwapo, imeshikana nayo, majani yamefika kiunoni. Ilikuwa ya kaka yake. Kati yao kulisimama ua wa mimea ya masale ambao waliupanda wenyewe, mwaka ule waliogombana juu ya hatua moja ya mpaka. Hatua moja, wapendwa! Miaka kumi na moja hawakusalimiana. Hata msibani kila mmoja alitafuta turubai lake.

Akamshusha farasi polepole mpaka kwenye ile ekari moja, akamvua kamba. Kwanza farasi hakuamini. Akanusa majani, akapiga hatua tano, akasubiri kugonga ukuta. Ukuta haukuja. Akaanza kwenda, na miguu ilipochangamka akakimbia.

Sasa, yule mpishi miaka yote alimjua farasi shingo tu, pale dirishani. Hakuwahi kumwona mzima akikimbia. Aliisikia ardhi ikidunda mpaka magotini mwake, akavua kofia bila kujua kwamba ameivua. Aliogopa ule woga mzuri, woga wa mtu aliyeonyeshwa kazi ya Mungu karibu mno. Halafu farasi akafika kwenye masale, akasimama ghafla. Akageuka, akakimbia, akafika tena, akasimama. Mara ya tatu hakugeuka. Aliweka kichwa juu ya ua, akatazama ng'ambo.

Mpishi akaenda kumshika. Akasimama naye pale mbele ya ua, na ndipo alipoona kitu alichokuwa akikitazama kila likizo kwa miaka kumi na moja. Niambieni, watu wa mlimani: mpaka tunaupanda kwa mmea gani? Kwa masale. Na mtu akimkosea mwenzake, anapokwenda kuomba msamaha anabeba nini mkononi? Na aliyeletewa jani la isale hilohilo, ana ruhusa ya kukataa?

Akachuma jani moja, akalifunga fundo, akajipenyeza. Akamkuta kaka yake uani, ananoa panga.

"Shikamoo, kaka."

Kaka alilitazama lile jani. "Umelichuma wapi?"

"Pale mpakani."

Panga likawekwa chini. "Mimi ua ule nimeupalilia kila mwaka," kaka akasema. "Kila mwaka majani yale nimeyashika kwa mikono hii." Akalipokea jani. "Marahaba, mdogo wangu."

Kisha akaliokota panga, wakashuka pamoja, wakafyeka mlango wa kumtosha farasi.

Haya, na sisi? Roho zetu zikivimba miguu tunafanya nini? Tunaongeza pumba. Kwaya ya tatu, semina nyingine, mkesha, na mahubiri marefu kama haya yangu. Vihori vimefurika, na bado tumeegemeza paji la uso ukutani. Daktari alisema ekari ngapi? Na baba wa wale ndugu wawili aliacha ngapi? Aliacha zilezile mbili, kamili, ila hakumpa mtoto yeyote zote mbili. Mungu amekupa nafasi yote unayoihitaji ili upone, na nusu yake ameiweka kwa ndugu yako.

Mkitoka hapa, mpite mpakani.

Mimi nimeshapita. Jani hili nimelichuma leo alfajiri. Ninayempelekea amekaa kule nyuma karibu na mlango, na ninajua kwa nini tangu mwaka juzi hakai tena mbele. Mtaniwia radhi nikishuka mimbarini kabla ya sala.

Shikamoo, kaka.